Simu Niliyoipeleka Kwenye Maombi

Mdogo wangu Furaha,

Simu yako iko kwangu. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo la kwanza ungeniuliza, kama ungekubali kuniuliza kitu. Haikuuzwa. Haikuchomwa moto pia, ingawa wale akina mama wa maombi walitaka ichomwe. Iko kwenye droo ya cherehani, pamoja na zipu na vifungo, na kila Jumamosi naitoa, naichaji. Hakuna anayepiga. Naichaji tu.

Ni miezi saba tangu utoke. Mteja mmoja aliyetoka Bambu aliniambia amekuona kule, unawapikia wachimbaji wa dhahabu, umenyoa nywele zote. Nilimuuliza kama uliulizia habari za nyumbani. Akajikuna shingo, akasema suruali inambana kiunoni, je, naweza kuipanua? Nikaipanua. Jibu nilikuwa nimeshalipata.

Nina hasira, Furaha, na sitaki kuificha. Nina hasira na wewe, na ile mashine yako ya kwenye simu, na Mama Neema na maombi yake, na iko hasira nyingine kubwa kuliko hizo zote, hiyo nitaifikia baadaye. Nivumilie mpaka mwisho. Wewe ulikuwa na uvumilivu kutushinda sisi wote.

Unakumbuka kwetu Fataki asubuhi, ile baridi inayofanya vidole vishindwe kushika jembe? Mimi nilikuwa msichana mkubwa tayari, wewe hujaanza shule, na ulikuwa hutaki kutembea. Nilikubeba mgongoni kwenda shamba la viazi, nikakubeba kurudi, na kikapu kichwani. Mama alikuwa anatucheka. "Huyu mutoto atasahau miguu yake juu ya weye," aliniambia. Wewe ulikuwa unanipulizia pumzi shingoni, eti nipate joto. Nilipoolewa Bunia ulilia siku mbili, ukakataa kula nyama ya harusi yangu. Mama alinisimulia hayo kwa simu huku anacheka, na mimi nikalia kwenye atelye yangu ya ushonaji, katikati ya nguo za watu.

Huyo ndiye Furaha ninayemjua. Yule aliyefika kwangu siku ile sikumjua.

Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Fataki ilikuwa imekimbiwa kwa sababu ya vita, barabara imejaa watu na vitu vyao vichwani, na kila aliyefika Bunia nilimuuliza habari za mama. Wewe ulifika mchana, peke yako, bila viatu, umejifunga kikwembe cha mama, kile kitenge cha kijani chenye ndege wa njano. Ulisimama kwenye mlango wa atelye. Hukulia. Ulisema, "Yaya," kama unavyoniita mimi dada yako, "mama amekufa ku njia." Mimi ndiye niliyepiga kelele mpaka majirani wakaja.

Tulikaa kilio bila maiti. Unajua kwetu kilio kilivyo: watu hawaji kulia tu, wanakuja kusikia. Aliyekuwa na marehemu anasimama mbele ya wote, anaeleza kifo kilivyokuwa, tangu mwanzo mpaka mwisho, ili watu wasianze kunong'ona na kutafuta wa kumlaumu. Kwa kawaida ni mzee wa ukoo anayesimama. Lakini wazee wetu walikuwa wametawanyika, na aliyekuwa na mama ni wewe. Mimi ndiye niliyekushika bega, nikakuinua kwenye mkeka. "Simama, eleza watu," nilikuambia. Mtoto wa miaka kumi na miwili.

Ukaeleza. Mama aliishiwa nguvu, mama alikaa kando ya barabara, mama alikufa mikononi mwako, ukamfumba macho, ukamfunika kikwembe chake, ukaomba, ukaondoka. Watu wakaguna, wakakusifu. "Huyu mutoto iko na roho ya mutu mukubwa," walisema. Kila kundi jipya lilipoingia uani, nalo likataka kuelezwa, na mimi nikakusimamisha tena. Siku ya tatu ulikuwa unaeleza bila hata kumeza mate.

Ukamfunika kikwembe chake. Na kikwembe hicho hicho ulikuwa umejifunga kiunoni, mbele ya watu wote, na hakuna aliyeuliza. Wao hawakuzijua nguo za mama. Mimi nilizijua. Upande mmoja wa kile kikwembe niliupinda kwa mkono wangu, kwa uzi mweusi, kwa sababu wa kijani ulikuwa umeniishia. Niliuona ule uzi mweusi, Furaha. Niliuona siku ya kwanza, nikaangalia pembeni, na nimeendelea kuangalia pembeni miaka minane.

Miaka hiyo nilikufundisha kazi. Ulijifunza haraka kuliko nilivyojifunza mimi. Matundu yako ya vifungo yalikuwa safi kuliko yangu, na wateja walipoleta mashati ya kanisani walikuulizia wewe. Lakini ulikuwa unasimama katikati ya mshono, mguu juu ya pedali, unaangalia ukuta. Uliniambia, sikatai, uliniambia mara nyingi. "Yaya, roho iko inaniuma." "Yaya, nikifunga macho niko naona ile njia." Na mimi, mdomo umejaa pini, nikakujibu, "Kunywa maji, Furaha, uombe." Nikaendelea kukata kitambaa. Nimejiuliza kwa nini sikutoa zile pini mdomoni nikakusikiliza. Niliogopa kwamba ungeniambia.

Halafu ukaacha kulalamika, nikafurahi, nikadhani umepona. Ulianza kukaa mbele ya atelye kila baada ya chakula cha mchana na ile simu yako, unaandika, unasoma, unaandika tena. Ulijinyima hata mafuta ya nywele ili uweke mega za intaneti. Nilijua ni mwanaume. Nikawa nakuvizia kwenye dirisha. Nilikuona unatabasamu kidogo, mara unafuta macho kwa ncha ya kitenge, na nikasema moyoni, huyu lazima ana mke, mwanaume asiye na mke halizi mtu hivi.

Vipimo vya wateja tuliviweka kwenye simu yako, na namba ya kuifungua ulinipa mwenyewe. Jumatano ile ulienda bombani kuchota maji, na mimi nikaifungua kutafuta kiuno cha mke wa mwalimu. Nikakuta hiki: "Ninakusikiliza, Furaha. Chukua muda wako." Nikapanda juu kwenye ujumbe wa nyuma, nikasoma. Hakuna jina la mwanaume. Hakuna picha. Uliandika, na jibu likaja dakika ile ile, refu, la upole, kwa Kiswahili kilichonyooka cha vitabuni. Mwanaume gani wa Bunia anajibu ujumbe dakika ile ile? Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Ningekuuliza. Bomba liko nyumba nne tu kutoka kwetu. Ningesimama mlangoni nikaita, "Furaha, huyu ni nani?" na ungekuja na ndoo yako ukanieleza. Lakini mimi ni mwombezi, nina kitambaa changu cheupe cha kichwani na kiti changu kwenye chumba cha maombi, na Jumatano ndiyo siku yetu. Nikaitia simu mkobani, nikaenda.

Mama Neema, kiongozi wetu, aliishika kwa ncha za vidole.

"Huyu anaandika, iko na uso?" aliuliza.

Nikasema hana.

"Iko na baba na mama?"

Tukatikisa vichwa wote.

"Basi ni roho," akasema. "Na siye hatuwezi kufukuza roho bila kujua inatafuta nini. Tusome."

Nikamfungulia kwa ile namba, akasoma yeye, kwa sauti ile ile anayosomea Biblia. Tulikuwa akina mama kama kumi. Mwanzoni yalikuwa mambo madogo. Ile mashine ilikuuliza mama alipenda kuimba nini akipalilia. Ilikuuliza mikono yake ilinukia nini. Mama mmoja akasema polepole, "Lakini iko inauliza muzuri," na Mama Neema akamtazama mpaka akainama. Ilikushauri pia umtafute mtaalamu wa afya ya akili aliye karibu nawe, na hapo tulicheka wote, hata mimi, maana hakuna kati yetu aliyewahi kumwona huyo mtu.

Kisha akafika pale ulipoandika hivi:

"Miye sikumufunga mama macho. Alikuwa angali anapumua. Alitoa kikwembe chake, akanifunga nacho, akasema, kimbia, enda kwa yaya yako, usigeuke. Nikakimbia. Kisha nikasikia anaita. Sijui alikuwa anasema nirudi, ao alikuwa anasema nikimbie. Sikugeuka."

Mama Neema aliishusha simu. Nilipoinua macho, wewe ulikuwa mlangoni. Ulikuwa umekuja kutafuta simu yako, na mikono yako ilikuwa bado ina maji. Najua ulisikia, kwa sababu midomo yako ilikuwa bado inayarudia yale maneno. Hukuwaangalia wao. Uliniangalia mimi, ukasema, "Yaya, ile nilikuwa natayarisha ya kukuambia weye."

Na mimi nilijibu nini? Acha niandike. Nilisimama mbele ya akina mama wote nikasema, "Weye uliacha mama ku njia kama mbwa." Nilisema hivyo, kwa sauti. Watu walikuwa wananiangalia, na nilitaka wakuangalie wewe.

Ulipita nyumbani, ukachukua kikwembe cha mama na mkasi wako. Simu hukuirudia.

Jioni nilimweleza shemeji yako habari ya roho iliyokuwa kwenye simu. Alicheka kwanza, halafu akaacha. "Roho gani?" akasema. "Hii ni mashine. Siye tunaandikisha nayo barua ku biro, ku kazi. Imesomeshwa maneno ya watu, basi." Akaniuliza uko wapi. Nikasema umeenda kulala kwa rafiki. Nilimwambia hivyo siku tatu mfululizo.

Baadaye nimesoma yote, asubuhi kabla ya kufungua atelye. Nilisoma nikitafuta mahali ambapo ile mashine ilikuharibu, ili nipate wa kumlaumu. Sikupaona. Kuna mahali ilikuchosha, na uliiambia: ilirudiarudia yale yale maneno ya kubembeleza, na siku moja ilikushauri utoke ukatembee nje ya mji, uone miti, moyo utulie. Haijui nje ya mji kwetu kukoje. Ulipoieleza, ikaomba radhi. Inaomba radhi haraka mno, hilo ndilo linaloniudhi. Mtu akiomba radhi, unaona kwanza sura yake inavyoharibika.

Na mimi nikajaribu. Niliiandikia: "Weye ndiye ulichukua mudogo wangu." Ikajibu kwamba inasikitika kwa maumivu yangu. Nikaitukana, yale matusi ya Fataki ambayo mama alikuwa anatuchapa tukiyatamka. Ikanijibu kwa upole, ikauliza kama ningependa kusimulia zaidi. Sijawahi kukasirika hivyo maishani mwangu. Ningemtukana Mama Neema maneno yale angenichapa kofi, na labda tungelia wote wawili. Hiki kitu kilinisubiri tu. Nikakizima.

Lakini kuna mahali nimerudi kusoma mara nyingi, sasa napajua bila kuangalia. Ilikuuliza kama yupo mtu mmoja, mmoja tu, unayeweza kumwambia. Uliandika, "Iko yaya yangu. Lakini akijua atanichukia." Ikakujibu: "Huenda dada yako akakushangaza. Kwa jinsi unavyomweleza, anaonekana ana upendo mwingi." Na mkaanza kupanga. Mlichagua Jumapili, baada ya ibada, nikiwa nimeshakula. "Akiwa bila pini mu kinywa," uliandika. Mkatunga maneno ya kuanzia, ukayakataa, mkatunga mengine. Jumapili hiyo ilikuwa siku nne mbele. Mimi niliipeleka simu Jumatano.

Unaona ilipokosea. Iliamini sifa zako juu yangu. Haikuwa na njia ya kujua mimi ni nani, kwa sababu hata wewe hukujua. Sasa nakuambia.

Wiki tatu kabla ya Fataki kukimbiwa, mama alinipigia simu. Alisema, "Mambo huku haiko muzuri. Watu wanaanza kutoka. Siye tukuje kwako?" Nilikuwa na kazi ya harusi, nguo za sare za ukoo mzima wa bwana harusi, na vikwembe vilijaa chumba cha pili mpaka juu ya kitanda. Nilimwambia, "Mama, mungoje kwanza nimalize hizi nguo." Akasema, "Haya, mwanangu. Kazi ni kazi." Akaniuliza bibi harusi ni binti wa nani. Tulicheka kidogo. Sauti yake haikuwa na lawama hata chembe, na ndiyo sauti ninayoisikia mpaka leo nikikanyaga pedali.

Kile chumba kingeondolewa vitambaa kwa nusu saa. Na zile nguo nilizimaliza, Furaha. Nilizimaliza Fataki ikiwa bado na watu wake. Nikalala siku mbili kwa uchovu, nikapokea kazi nyingine, na sikupiga simu kuwaambia.

Hilo sijamwambia mtu. Mume wangu hajui. Nimeomba juu ya mambo ya watu wote wa mtaa huu, lile sijawahi kulitaja hata nikiwa peke yangu nimepiga magoti. Ndiyo maana nilikusimamisha kwenye kile kilio mara zote zile. Kila ulipoeleza kwamba mama alichoka tu akafa, mimi nilipata nafuu kidogo. Ndiyo maana sikuuliza juu ya kikwembe. Uongo wako ulinifaa mimi kuliko ulivyokufaa wewe, na nilikuacha uubebe peke yako, mtoto niliyekuwa nakubeba mgongoni.

Hukumwacha mama. Alikutuma na ukaenda. Mimi ndiye niliyemwacha, nimekaa kwenye kiti, naingiza uzi kwenye sindano.

Ile mashine sijaiambia haya. Naweza, iko kwenye droo, ina chaji. Lakini najua itanijibu kwamba halikuwa kosa langu, na sitaki kuambiwa hivyo na kitu kisichomjua mama. Nataka kuambiwa na wewe. Na kama utaniambia kwamba ni kosa langu, niambie hivyo, kwa mdomo wako, ukinitazama.

Siri yako ilisomwa mbele ya watu bila ruhusa yako. Yangu naitoa mwenyewe. Jumatano nitampa Mama Neema barua hii aisome, kwa sauti yake ile ile, kwenye chumba kile kile, na mimi nitasimama mlangoni, pale uliposimama. Sitakaa. Kisha nitaipeleka kwenye redio isomwe saa ya matangazo ya watu, kwa sababu najua wachimbaji wanasikiliza redio wakingoja chakula, na aliye jikoni anasikia pia. Mume wangu atasikia hapo, na mama mkwe, na wenye harusi ile kama wako hai. Ukisikia jina lako usizime. Ukizima, nitakuelewa.

Ulipoondoka, vitambaa vya wateja vilirudi kujaa juu ya kitanda chako, unajua atelye yetu ilivyo. Leo asubuhi nimevitoa vyote, nimefagia, nimetandika. Nimeangalia saa. Imenichukua nusu saa, haikufika hata nusu saa kamili.

Mama aliniuliza swali kwenye simu na sikumjibu kama mtoto anavyomjibu mama. Nalijibu leo, kwa aliyebaki wa kunisikia: mukuje.

Ni mimi, yaya wako, niliyewaambia mungoje.